Aiskrimu ya maziwa ya mama: tatizo lilikuwa nini?

SWALI: Eti London waliwahi kuuza aiskrimu ya maziwa ya mama? Kama mama mwenyewe ni mzima, kwa nini watu walilalamika? – Msomaji, Tanga

JIBU: Ni kweli, ndugu msomaji. Februari 2011 duka la The Icecreamists, mtaa wa Covent Garden, lilitoa "Baby Gaga" kwa pauni 14: maziwa ya mama, vanila ya Madagaska na maganda ya limau, kwenye glasi ya kokteli. Malalamiko yalipofika, halmashauri ya Westminster iliichukua kwenda kuipima; baadaye ikaruhusiwa. Mwanamuziki Lady Gaga naye alitishia kushtaki kwa sababu ya jina.

Wengi walisema wanaona kinyaa. Kinyaa si hoja ya afya. Hoja ya afya ni hii: virusi vya UKIMWI hupita kwenye maziwa ya mama, na bakteria huingia wakati wa kukamua, kwa mikono au chombo kichafu. Wala usidanganyike na friza, maana baridi haiui bakteria, huwalaza tu. Ndiyo maana benki za maziwa, yaani vituo vinavyokusanya maziwa ya mama kwa ajili ya watoto wachanga, humpima mama damu kwanza, kisha huyapasha moto maziwa kwa nyuzi 62.5 za Selsiasi kwa dakika 30 na kuyapoza upesi.

Mapishi nayo yana shida yake. Maziwa hayo yana mafuta takriban asilimia 4, na aiskrimu laini hutaka kama 10. Usipoongeza krimu, utatafuna chenga za barafu.