Sailensi ya Pikipiki: Majibu kwa Wanaonyanyua Tairi na Wasionyanyua

Wiki hizi mbili swali limekuja kwa sura nyingi lakini ni lilelile: sailensi. Kwa asiyeshinda gereji, sailensi ni ule mngurumo wa injini ikiwa imewashwa na mkono wa mafuta haujaguswa. Wengine wanataka kuipandisha ili wachezee pikipiki, wengine inawapandia yenyewe bila kuitwa. Nimechagua haya.

Ugonile fundi. Nipo Soweto hapa Mbeya, nina Boxer 150. Najifunza kunyanyua tairi la mbele na kuzunguka duara kwa mwendo mdogo. Wenzangu wananiambia nipandishe sailensi, ila hakuna anayenieleza kwa nini, wala mwisho wake ni wapi.

Ndaga, mdogo wangu. Umefanya vizuri kuuliza kwanza. Pikipiki ikisimama kwa tairi la nyuma huku inakwenda polepole, mkono wa mafuta unakuwa mkali mno. Ukifunga, injini inaizuia pikipiki ghafla na tairi la mbele linaanguka. Ukifungua, hata kwa upana wa ukucha, inaruka na inaweza kukulaza chali. Mshtuko huo wa kati ya kufunga na kufungua ndio unaowashinda wengi. Sailensi ikiwa juu, injini inasukuma yenyewe kwa nguvu ileile muda wote, na mkono wa mafuta unaupumzisha. Unabaki na kazi mbili: kidole kimoja kwenye klachi, na breki ya nyuma, ambayo ndiyo inayolishusha tairi linapotaka kupitiliza.

Wanaofanya mchezo huu kwa pikipiki kubwa hupandisha hadi mizunguko 2,500, wengine 4,000 kwa dakika. Hao wamebadilisha na vitu vingine: spoketi kubwa ya nyuma (lile duara la meno linalovutwa na mnyororo), breki ya nyuma ya kushika kwa mkono, chuma cha kuzuia pikipiki isipinduke, na kamba ya mkononi inayozima injini mtu akidondoka. Usichukue namba yao ukaacha vifaa vyao. Boxer yako inakaa karibu na mizunguko 1,400. Anza na 1,800, uizoee siku kadhaa, kisha 2,000. Kwa mizunguko 2,000 gia ya kwanza, pikipiki ndogo inajiendea kama kilomita 7 kwa saa, na kwa duara la mtu anayejifunza huo ni mwendo wa kutosha kabisa.

Kabla ya yote hayo ijaribu breki. Weka gia ya kwanza, tairi zote mbili chini, achia klachi, usiguse mafuta, iache pikipiki itembee na sailensi yake mpya. Sasa kanyaga breki ya nyuma peke yake. Inatakiwa ikabe mpaka injini ianze kukoroma kama inataka kuzima. Ikiwa inaburuta tu na pikipiki inaendelea kwenda, rudisha sailensi chini, fungua ngoma ya gurudumu la nyuma, angalia viatu vya breki. Siku hiyo hakuna kunyanyua.

Kamwene fundi. Niko Ipogolo, Iringa. Kwenye kabureta, pale hewa inapochanganyika na mafuta, naona skrubu mbili. Ipi ni ya sailensi? Rafiki yangu alizungusha zote na sasa pikipiki inapiga mashuti, milipuko kwenye bomba la moshi.

Kamwene. Ile kubwa, mara nyingi ina kichwa unachoweza kukishika kwa vidole au springi nene chini yake, ndiyo ya sailensi. Ukiizungusha kufuata saa sailensi inapanda, ukirudisha inashuka. Ile ndogo, mara nyingi imezama kwenye tundu, ni ya mchanganyiko wa hewa na mafuta. Hiyo ndiyo rafiki yako aliyoiharibu.

Tuirekebishe. Washa injini, iache ipate moto dakika 5 hadi 10, au zunguka nayo mtaa mmoja. Kurekebisha sailensi kwa injini ya baridi ni kupoteza muda, maana ikipata moto itakuwa juu kupita kiasi. Angalia mkono wa mafuta una ulegevu wa milimita 2 au 3 kabla haujaanza kuvuta. Kisha zima injini, chukua bisibisi nyembamba, funga ile skrubu ndogo mpaka iguse mwisho. Nimesema iguse: ukiikaza, ncha yake itavunjika au italiharibu tundu, na hapo utanunua kabureta. Ikishagusa, ifungue mzunguko mmoja na nusu. Washa tena, izungushe robo robo huku na huku ukisikiliza. Kuna mahali injini itapanda yenyewe na mlio utakuwa laini. Iache hapo. Ndipo urudi kwenye skrubu kubwa uishushe sailensi mpaka pale unapotaka.

Uielewe pia maana ya skrubu ndogo, kwa sababu hapa hata mafundi hupishana. Ikiwa ipo upande wa eya klina, yaani kichujio cha hewa, ni ya hewa: ukiifunga mafuta yanazidi. Ikiwa ipo upande wa injini, ni ya mafuta: ukiifunga mafuta yanapungua. Mtu aliyezoea aina moja akishika nyingine anafanya kinyume siku nzima.

Mwisho, vuta mafuta ghafla na uachie. Injini inatakiwa ishuke mara moja na itulie. Ikining'inia juu sekunde kadhaa ndipo ishuke, inakula hewa mahali. Loanisha kwa maji ya sabuni ile raba inayounganisha kabureta na injini. Mlio ukibadilika, raba imepasuka.

Kama pikipiki haina mshale wa mizunguko, zipo mita ndogo za kuzungushia waya kwenye waya wa plagi. Injini nyingi za silinda moja plagi hupiga cheche kila mzunguko ingawa mafuta yanaungua mara moja katika mizunguko miwili, kwa hiyo iseti mita kwa cheche moja kila mzunguko. Ukikosea, itakuonyesha 2,800 wakati ukweli ni 1,400.

Nabeba abiria Mwanjelwa. Pikipiki yangu inazima kila nikisimama, basi nimepandisha sailensi na imeacha kuzima. Kuna ubaya nikiiacha hivyo?

Upo, kaka, na naujua kwa uchungu. Miaka ya nyuma nilimpandishia kijana mmoja sailensi ili nisikilize valvu vizuri. Simu ikaita, nikaongea, nikasahau kuirudisha. Akaondoka nayo, akavuka Isongole akiteremkia Tukuyu, mvua inanyesha. Kwenye kona alifunga mafuta akitegemea injini imshike. Haikumshika. Pikipiki ikaendelea kusukuma, akakanyaga breki kwenye lami yenye maji, akatoka nje mpaka shamba la viazi. Alipona, lakini goti lilivimba wiki mbili, na kosa lilikuwa langu. Tangu siku hiyo pikipiki haitoki kwangu kabla sijaisikiliza mara ya mwisho mwenye nayo akiwa amesimama hapo.

Ndiyo maana yake hiyo: sailensi ikiwa juu, injini haikusaidii tena kupunguza mwendo. Sisi tunaishi kwenye miteremko. Tena klachi inachakaa, gia ya kwanza inaingia kwa kishindo, na mafuta unayachoma bure ukisubiri abiria.

Kinachozima pikipiki yako bado kipo. Anza na eya klina, kwa vumbi letu la kiangazi. Kisha plagi, kisha usafishe jeti ndogo ya kabureta, kile kitundu kinachopitisha mafuta. Vyote vikiwa safi, mwambie fundi apime tepeti, yaani nafasi ndogo ya kwenye valvu, kwa fila geji (vipande vyembamba vya chuma vya kupimia) injini ikiwa ya baridi. Valvu iliyobana haifungi vizuri, na injini ya namna hiyo haitakaa sailensi hata uifanyie nini.

Nasafirisha mpunga kati ya Kyela na Mbeya. Nikiwa Kyela sailensi inapanda, nikifika Mbeya inashuka mpaka izime. Fundi wa Kyela anasema fundi wa Mbeya hajui kazi.

Wote wawili wanajua kazi. Kyela ipo karibu mita 500 juu ya usawa wa bahari, Mbeya mjini ni kama 1,700, na njiani unapita Isongole ambako ni juu zaidi. Huku kwetu hewa ni nyepesi, kama asilimia 80 hivi ya ile ya pwani. Kabureta haijui hilo. Tundu la jeti ni lilelile, kwa hiyo ukipanda mlima hewa inapungua kuliko mafuta, injini inavimbiwa na sailensi inashuka. Ukiteremka hewa inajaa na sailensi inapanda. Iseti ukiwa Mbeya, mchana, injini ikiwa na moto, mahali ambapo haizimi. Kule Kyela ikipanda kidogo, rudisha robo mzunguko. Na asubuhi za Juni na Julai tumia choki, ile ya kuwashia injini ya baridi. Usiishike skrubu kwa sababu ya baridi ya dakika 5.

Yangu haina kabureta. Nipandishe wapi?

Usipandishe kwa skrubu. Kwenye mfumo wa sindano za mafuta, kompyuta ndiyo inayopanga sailensi kwa kusoma joto na hewa. Ile skrubu iliyopakwa rangi kiwandani iache. Ikisumbua, itafute gereji yenye mashine ya kusomea makosa.

Nikikata usukani kushoto sailensi inapanda.

Waya wa mafuta unavutwa. Upitishe njia nyingine au uulegeze. Usiendeshe hata leo jioni kabla hujaufanya.

Nikinyanyua muda mrefu, taa ya oili sina, lakini injini inaanza kugonga. Ni sailensi?

Hapana, ni oili. Pikipiki ikisimama, oili yote inakimbilia nyuma ya injini na pampu inaweza kuvuta hewa. Injini hizi ndogo zina kama lita moja tu. Ongeza na joto: inapozwa na upepo, na wewe unazunguka mahali pamoja na sailensi ya juu, upepo hakuna. Shusha tairi kila baada ya sekunde chache, pumzisha injini kila dakika 10, na pima oili kabla na baada. Kugonga kukisikika hata tairi likiwa chini, zima. Usiiwashe tena mpaka ifunguliwe.

Fundi, habari za kazi. Mimi ni mama, nipo Uyole. Kijana wangu ananyanyua pikipiki na wenzake jioni, mara uwanjani mara barabarani. Nimemkataza, hasikii. Nifanyeje?

Nzuri mama, shikamoo. Moyo wako nauelewa. Barabarani ni hapana, na hapo simama naye kabisa. Barabara ya Tunduma ina malori mchana na usiku, na Sheria ya Usalama Barabarani haina huruma na mchezo huo. Uwanjani ni habari nyingine, mradi kuna helmeti iliyofungwa kidevuni, viatu vya kufunika kifundo, glavu, na hakuna watoto pembeni.

Kuna kitu unaweza kukikagua mwenyewe bila ugomvi. Akirudi jioni na kuiacha pikipiki ikinguruma mlangoni, sikiliza. Mlio wa kawaida ni wa kudunda, karibu unaweza kuuhesabu. Ikiwa inalia mfululizo kama mashine ya kusaga, amerudi na sailensi ya uwanjani. Mwambie aweke alama mbili kwenye skrubu ya sailensi, moja ya uwanjani, moja ya barabarani, na airudishe kabla hajatoka getini. Rangi ya kucha inashika vizuri kwenye chuma. Kama unayo ndani, mpe.