Maswali ya Wasomaji: Steins;Gate, Katuni na Mchezo Wake

SWALI: Nimemaliza vipindi 24 vya katuni ya Steins;Gate. Rafiki anasema mchezo wa video ulioizaa una mambo ambayo katuni haikuyagusa. Ni yapi?
Msomaji, Jinja

JIBU: Amesema kweli. Mchezo ulitoka Japani mwaka 2009, katuni ikafuata 2011. Mchezo una miisho sita, na katuni imeshika njia moja tu, ile inayofikia mwisho wa kweli. Katika katuni, Okabe, mhusika mkuu, hubatilisha ujumbe mmoja baada ya mwingine kati ya jumbe za simu zilizotumwa kurudi kwenye wakati uliopita. Kwenye mchezo unaweza kukataa kuubatilisha, na hadithi ikaishia hapo hapo: kwa wahusika wenzake, yaani kwa Suzuha, kwa Faris au kwa Luka. Mwisho wa Suzuha unachoma moyo kuliko yote, usiukose.

Usitarajie orodha ya majibu kwenye skrini. Maamuzi hupitia simu ya Okabe: unaitoa mfukoni au unaiacha, unapokea au hupokei, na ukijibu ujumbe unachagua neno lililotiwa rangi ndani yake. Hapa ndipo wengi hukwama. Usipojibu jumbe fulani za Kurisu, mwanasayansi mwenzake Okabe, inavyotakiwa, utaangukia mwisho wake, na ule wa kweli hautafunguka kamwe katika mzunguko huo. Kwa hiyo hifadhi mchezo mwanzoni mwa kila sura, kila mara nafasi mpya, bila kufuta ya zamani. Umeme ukikatika pia, hutapoteza mengi.

Jiandae kusoma sana: mawazo ya Okabe, ambayo katuni imeyapunguza mno, ndiyo utamu wenyewe.