Jibu: chenso nyepesi ya kupandia miti

Mkuu, umeuliza uchukue chenso (msumeno wa injini) ipi, Stihl MS 194 T au Echo CS-2511TES, kwa kazi ya kupogoa miembe na miparachichi. Mi ningekwambia Echo, bila kuzunguka. Injini yake ni cc 25 (ukubwa wa injini) na uzito wake kama kilo 2.3, Stihl ni cc 31.8 na inakimbilia kilo 3.3, na kumbuka hizo kilo zinahesabiwa bila mafuta wala baa (lile bapa la chuma linalobeba cheni) na cheni kwahiyo ukishajaza tenki na kuifunga baa inazidi hapo, halafu uko juu umening'inia na mkono umenyooka pembeni masaa mawili hivi, utaisikia begani. Ila kama kazi nyingi ni mikaratusi na matawi manene chukua Stihl, Echo kwenye mti mgumu itakuchelewesha.

Kabla hujalipa uliza cheni na spea zake kama zipo mjini kwenu, hapo ndo wengi wanakwama. Mafuta changanya 50 kwa 1, yaani petroli lita 5 na oili ya tusitroki (ile ya injini zinazochanganyiwa oili kwenye petroli) mililita 100, ya kupimia kwa jicho achana nayo.

Na mshikio wa juu wa chenso hizi usikudanganye ukakata kwa mkono mmoja eti kwa vile zinashikika, ncha ya baa ikigusa tawi la nyuma inaruka usoni fasta sana. Mikono miwili, na kabla ya kukata jifunge kamba ya pili maana cheni haichagui kamba na tawi. Chini ardhini tumia chenso ya kawaida.

Bajeti yako shingapi?