Mwanangu kwenda kulinda Kongo, sisi inatuhusu nini?

SWALI: Mbukwenyi ndugu mhariri. Mimi nauza mahindi hapa Kibaigwa. Kijana wangu wa pili ni mwanajeshi, alishaenda Kongo na kikosi cha Umoja wa Mataifa akarudi salama, sasa anasema wakimpanga tena anaenda. Mimi silali. Redioni nasikia "dola iliyoanguka", "dola iliyoshindwa", sasa nchi ya watu ikianguka si shida yao wenyewe? Kwanini mtoto wa Kongwa akafie huko?
Mama wa Kibaigwa

JIBU: Mbukwenyi mama, na shikamoo. Pole kwa kukosa usingizi.

Tuanzie hapohapo sokoni kwako. Ukigombana na mnunuzi juu ya mzani unaenda kwa uongozi wa soko, ikishindikana kuna mtendaji, kuna polisi, kuna mahakama, na ushuru unalipa unapewa risiti. Unaweza kulalamika ushuru mkubwa na ni haki yako, lakini anayeuchukua unamjua. Dola ikianguka hicho ndo kinakufa kwanza. Rais anaweza kuwepo, bendera ipo, kiti Umoja wa Mataifa kipo, ila barabarani kila mwenye bunduki ana kizuizi chake na ushuru wake. Umaskini ni kitu kingine kabisa, sisi miaka ya themanini tulipanga foleni ya sukari na sabuni lakini balozi wa nyumba kumi alikuwepo na kesi ziliamuliwa.

Zaire ya Rais Mobutu, ndiyo hiyohiyo Kongo ya leo, haikuanguka siku moja. Askari walikaa bila mshahara wa maana mpaka 1991 wakaingia mitaani Kinshasa kupora, 1993 wakarudia. Jeshi la hivyo litalinda mpaka gani mama? Ndo maana baada ya mauaji ya kimbari ya Rwanda 1994 wauaji walivuka mpaka kuingia Zaire wakajichanganya na wakimbizi kwenye makambi ya Goma, silaha wanazo na hakuna wa kuwanyang'anya, 1996 vita vikalipuka na cheche zake hazijazimika mpaka leo. Na lile kundi la wapiganaji linaloitwa ADF asili yao ni waasi wa Uganda, kwao walibanwa, wakapata msitu wa Kongo usio na mwenyewe wakajenga makazi. Hao ndo wanaotajwa kwa shambulio la kambi ya walinda amani ya Semuliki, hukohuko Kongo, tarehe 7 Desemba 2017, tulipopoteza vijana wetu wasiopungua 14. Najua mama mwenye mtoto jeshini hiyo wiki haisahau, na mimi siwezi kukuandikia hapa kwamba hatari haipo.

Lakini shida yao wenyewe? Hapana mama. Mwaka huohuo wa 1994 watu kama 250,000 kutoka Rwanda walivuka daraja la Rusumo kuingia Ngara ndani ya siku moja hivi, wilaya moja tu iliwapokea. Kambi ya Nyarugusu kule Kasulu ilifunguliwa 1996 kwa ajili ya Wakongo, kuna watoto wamezaliwa humo na wao sasa wana watoto.

Halafu angalia baharini, maana hii inafika mpaka kwenye gunia lako. Rais wa Somalia, Siad Barre, alipokimbia Mogadishu Januari 1991 nchi ikabaki haina wa kulinda pwani, meli za nje zikaja kuvua zinavyotaka, vijana wakashika bunduki, mwanzo wakisema wanalinda samaki wao, baadaye ikawa biashara kamili ya kuteka meli na kudai mamilioni ya dola. Kufikia 2008 bima za meli zikapanda, na manowari za Ulaya, India mpaka China zikaja kulinda. Mafuta ya Uarabuni yanayoshushwa Dar yanapita bahari hiyohiyo, na semi inayobeba mahindi yako haiendi bila dizeli.

Na hata Msumbiji, ambayo haijaanguka, jimbo moja tu la Cabo Delgado serikali ilipolegea, moto wa waasi ulioanza Oktoba 2017 ulivuka mto Ruvuma na Oktoba 2020 kijiji cha Kitaya, Mtwara, kikavamiwa. Inaniuma zaidi kwa sababu wapigania uhuru wa Msumbiji, FRELIMO, walikaa hapohapo wilayani kwenu Kongwa.

Ila mama nikuambie na upande wa pili, maana kijana wako anastahili ukweli. Askari wa nje anaziba tundu tu, hajengi nyumba. Manowari zilipunguza utekaji sana baada ya 2012, watu wakasema umeisha, mwisho wa 2023 meli zikaanza kutekwa tena kwa sababu nchi kavu bado kijana wa pwani hana kazi na polisi wa kumkamata hatoshi. Kongo ni hivyohivyo, anayetakiwa kumpokea mwanao lindo ni askari Mkongo anayelipwa mshahara wake kila mwezi, na hiyo si kazi ya mwanao, ni ya Kinshasa na ya hao wakubwa wanaokaa mezani kujadili amani. Wao ndo wa kuulizwa kila siku, na sisi hapa tutaendelea kuwauliza.

Akipangiwa tena tuandikie mama. Msalimie sana.