Kidari cha bata bukini kwenye sufuria ya umeme: mafuta kwanza, maji kidogo

Mafuta karibu yote ya kidari cha bata bukini yamekaa chini ya ngozi. Ndani ya mnofu ni machache mno. Nyama yenyewe ni nyekundu, karibu ifanane na ya ng'ombe, na haina cha kuilinda ikikaa motoni muda mrefu. Ndiyo maana ukiitumbukiza tu kwenye sufuria ya umeme ya kupika polepole, unapakua mchuzi uliofunikwa na mafuta huku nyama imekauka. Mafuta yatolewe kwanza, ndipo mnofu upikwe.

Nairobi usitarajie kumkuta bata bukini ukipita tu soko la nyama la Burma. Mara nyingi inabidi uagize kwa mfugaji, na umwambie wazi kwamba hutaki bata wa kawaida. Akishachinjwa, bonyeza ncha ya mfupa wa kidari upande wa tumboni. Ikipinda kama gegedu, ni mchanga. Ikiwa ngumu, amekomaa na atataka saa mbili zaidi. Nyama iliyoganda iyeyushwe ndani ya friji usiku kucha. Usiitie kwenye sufuria hii ikiwa barafu, kwa sababu hupasha moto taratibu mno na nyama itakaa kwenye uvuguvugu unaozalisha vijidudu.

Kwa vidari viwili vya jumla ya gramu 800 hivi, paka vijiko vidogo viwili vya chumvi na kimoja cha pilipili manga, uviache kwenye friji bila kufunika kwa saa 8 hadi 12. Chumvi huingia ndani na kusaidia nyama kushika maji yake, nayo ngozi hukauka juu.

Sasa kisu. Chanja ngozi mistari ya kukingamana, sentimita moja moja, bila kugusa nyama. Ukiikata nyama, maji yake yatamwagika kikaangoni. Laza upande wa ngozi kwenye kikaango baridi, bila mafuta yoyote, kisha washa moto mdogo. Kikaango kikiwa moto tangu mwanzo, ngozi hujifunga na mafuta hubaki ndani. Subiri dakika 12 hadi 15, ukimimina mafuta kwenye bakuli kila yanapojaa, mpaka ngozi iwe ya kahawia na nyembamba. Geuza dakika moja tu. Hayo mafuta usiyamwage kamwe. Viazi vikikaangwa nayo havina mfano.

Bakiza kijiko kikubwa kimoja kikaangoni, ukaange vitunguu viwili hadi viwe vya kahawia. Sufuria ya polepole haikaangi, na kitunguu kibichi humo hutoa maji na ladha ya kuchemshwa. Ongeza punje 5 za kitunguu saumu, tangawizi ya ukubwa wa kidole gumba, kijiko kidogo cha bizari nyembamba, karafuu 3, kijiti cha mdalasini na nyanya mbili zilizokunwa. Nyanya zikishaiva, mimina mililita 250 za maji na ukwangue kikaango vizuri.

Panga viazi au karoti chini kabisa, kwani mizizi huiva polepole kuliko nyama. Mimina mchuzi, kisha laza vidari juu, ngozi ikitazama juu. Mchuzi ufike nusu ya nyama, usizidi. Kifuniko hurudisha karibu mvuke wote, kwa hiyo maji hayapungui kama kwenye jiko la gesi.

Weka moto wa chini: saa 6 kwa bata mchanga, 8 kwa aliyekomaa. Mapishi mengi ya Ulaya huandikia chini ya hapo, lakini Nairobi iko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari na maji yetu huchemka kwenye nyuzi 94 au 95, kwa hiyo hapo tumeshaongeza nusu saa hadi saa nzima. Usifunue kuchungulia, kila ukifunua unapoteza kama dakika 20 za joto.

Ukishindwa kuvumilia ukadunga uma saa ya nne ya kupika, ukakuta nyama ngumu, usidhani imepita. Ina maana nyuzi zimekaza na tishu ngumu bado hazijayeyuka, basi iache iendelee. Ikiwa inasambaratika lakini kavu mdomoni, hapo ndipo imepita. Ichambue, uichanganye na mchuzi, uile na chapati.

Stima ikipotea, usiache chakula kikingoja humo. Ukiwa nyumbani, hamishia kwenye sufuria ya kawaida, ikichemka upunguze moto na uendelee. Ukirudi ukakuta imezimika na hujui ni kwa muda gani, mwaga, hata kama inauma. Kuhusu tokeni za umeme usiogope: sufuria ya wati 200 ikiwaka saa 8 mfululizo hutumia uniti 1.6.

Saa ya mwisho tia vijiko viwili vya maji mazito ya ukwaju. Yakiingia mapema, viazi hukataa kulainika. Tui la nazi, ukilitaka, lisubiri dakika 30 za mwisho lisije likakatika. Engua mafuta yaliyoelea, kausha ngozi kikaangoni dakika mbili, pumzisha nyama dakika 10, kisha kata vipande vyembamba ukikingamiza nyuzi. Ugali na sukuma wiki vinaibeba vizuri kuliko wali.