Maswali ya Wasomaji: Ukuta wa Moto na Ubadilishaji wa Anwani Ndani ya Swichi

Mwezi huu barua nyingi zimetoka kwa wanafunzi na mafundi wanaojaribu mitandao inayoendeshwa kwa programu. Ili tusichanganye mambo, humu "tundu" ni pale waya unapoingia kwenye swichi, na "poti" ni namba ya huduma ya TCP au UDP, kama 80 ya wavuti. "Kanuni" ni amri inayoiambia swichi ifanye nini na pakiti ya aina fulani, "kidhibiti" ni programu inayoshusha kanuni hizo, na OpenFlow ni lugha ambayo kidhibiti na swichi huzungumza.

Habari zenu wahariri. Tuko wanafunzi wanne na chuo chetu hakina swichi za OpenFlow. Je, laptopu moja yenye RAM ya GB 4 inatosha kujifunzia? Na umeme ukikatika katikati ya kazi, tunapoteza kila kitu?
*Wanafunzi, Kampala*

Inatosha kabisa. Mininet, programu ya kuigiza mtandao mzima ndani ya kompyuta moja, haiundi kompyuta pepe kamili kwa kila mashine. Inatumia vyumba vya mtandao vilivyomo ndani ya Linux yenyewe, kwa hiyo mashine tatu na swichi moja hazilemei laptopu. Kwenye Ubuntu 22.04 andikeni:

`sudo apt-get install mininet openvswitch-switch`

Tumeandika apt-get makusudi. Amri ya apt peke yake hufuta mafaili iliyopakua mara inapomaliza kusimika, lakini apt-get huyaacha ndani ya /var/cache/apt/archives. Mmoja wenu apakue kwa bando lake, wengine wanakili kwa flashi.

Umeme ukikatika na betri ikiisha, mtandao wa Mininet unakufa pamoja na kanuni zote zilizokuwa kwenye swichi. Kwa hiyo msiandike kanuni moja moja kwenye dirisha la amri. Ziwekeni kwenye faili, kanuni moja kwa mstari, kisha mzipakie kwa mkupuo (s1 ni jina la swichi):

`sudo ovs-ofctl -O OpenFlow13 replace-flows s1 kanuni.txt`

Mashine ikiwaka tena, endesheni kwanza `sudo mn -c` kusafisha mabaki, la sivyo Mininet italalamika kwamba vifaa vyenye majina yale yale vipo tayari.

Mhariri, nimejenga ukuta wa moto unaoruhusu mashine h1 kufungua wavuti ulioko mashine h3 kwenye poti 80 tu, na mengine yote yazuiwe. Matokeo yake hakuna kinachopita, hata huo wavuti. Kanuni nimeisoma mara kumi, sioni kosa.
*Mwanafunzi wa mwaka wa tatu, Mbarara*

Kanuni yako huenda haina kosa. Ila iko peke yake. Swichi haina kumbukumbu na haikisii nia yako: ukiiambia jambo la kwenda, haijui kama kuna kurudi. Anza na uwanja huu wa majaribio, usio na kidhibiti chochote:

`sudo mn --topo single,3 --mac --switch ovsk,protocols=OpenFlow13 --controller none`

Mashine h1, h2 na h3 zitakuwa 10.0.0.1, 10.0.0.2 na 10.0.0.3, kwenye tundu 1, 2 na 3. Hapo swichi ni tupu na haipitishi kitu. Sasa faili lako liwe hivi:

`priority=200,arp,actions=NORMAL`
`priority=100,tcp,in_port=1,nw_src=10.0.0.1,nw_dst=10.0.0.3,tp_dst=80,actions=output:3`
`priority=100,tcp,in_port=3,nw_src=10.0.0.3,nw_dst=10.0.0.1,tp_src=80,actions=output:1`
`priority=0,actions=drop`

Mstari wa kwanza ndio wengi huusahau. Kabla h1 haijatuma chochote kwa 10.0.0.3, inauliza kwa ARP: nani mwenye anwani hii, na anwani yake ya MAC, yaani ya kadi yake ya mtandao, ni ipi? Swali hilo si pakiti ya IP. Aina yake ni 0x0806, ilhali IP ni 0x0800. Kanuni ya tcp haiwezi kuigusa, hivyo inaangukia kwenye drop na mazungumzo yanakufa kabla hayajaanza. Mstari wa tatu ni njia ya kurudi, na angalia kwamba 80 sasa iko upande wa mtumaji, tp_src.

Kujaribu, ndani ya Mininet andika `h3 python3 -m http.server 80 &` halafu `h1 wget -T 5 -t 1 -O - http://10.0.0.3/`. Kisha jaribu poti 8080. Usishangae wget ikisubiri sekunde 5 nzima bila jibu: drop hutupa pakiti kimya kimya, haimjulishi mtumaji kwamba amekataliwa. Baada ya hapo soma `sudo ovs-ofctl -O OpenFlow13 dump-flows s1` na utazame n_packets ya kila kanuni. Kanuni ambayo hesabu yake haitoki kwenye 0 haijawahi kuguswa, na hapo ndipo pa kuchimba. Ukisahau `-O OpenFlow13`, utaambiwa matoleo hayapatani, 0x01 na 0x04. Hiyo ni OpenFlow 1.0 inayobisha hodi kwenye mlango wa 1.3.

Ukihamia kuandika kanuni hizi kwa Python, kumbuka kwamba neno "tcp" hapo juu ni kifupi. Kidhibiti kinataka utaje eth_type=0x0800 na ip_proto=6 kabla ya kutaja poti. Usipofanya hivyo swichi inaikataa kanuni kwa kosa la OFPBMC_BAD_PREREQ, na kama programu yako haisikilizi ujumbe wa makosa, utadhani imeingia.

Lakini usiishie hapo, maana ukuta huu una tobo. Mstari wa tatu unaruhusu h3 kutuma kwa poti *yoyote* ya h1, alimradi itoke poti 80. Mshambuliaji anachagua poti ya kutokea apendavyo. Dawa ni kuipa swichi kumbukumbu ya miunganisho (ct), ambayo Open vSwitch, swichi ya programu tunayoitumia hapa, inayo tangu toleo la 2.5:

`table=0,priority=200,arp,actions=NORMAL`
`table=0,priority=100,ip,ct_state=-trk,actions=ct(table=1)`
`table=1,priority=110,ip,ct_state=+trk+inv,actions=drop`
`table=1,priority=100,tcp,in_port=1,nw_dst=10.0.0.3,tp_dst=80,ct_state=+trk+new,actions=ct(commit),output:3`
`table=1,priority=100,ip,in_port=1,ct_state=+trk+est,actions=output:3`
`table=1,priority=100,ip,in_port=3,ct_state=+trk+est,actions=output:1`
`table=1,priority=0,actions=drop`

Pakiti ikiingia, jedwali 0 linaipeleka ikakaguliwe, kisha inatokea jedwali 1 ikiwa na alama: new ni muunganisho mpya, est ni uliokwisha kujibiwa, inv ni pakiti isiyoeleweka. Ni h1 pekee anayeweza kuanzisha. Ukiacha neno commit, swichi inaiona pakiti mpya, inaipitisha, na haiandiki popote. Jibu linaporudi halitambuliki, na linatupwa. Tazama daftari lenyewe kwa `sudo ovs-appctl dpctl/dump-conntrack`.

Salaam. Nataka mashine mbili za ndani zitoke kwa anwani moja ya nje, kama ruta ya nyumbani inavyofanya, lakini kwa kanuni za swichi tu. Nimeweza kubadilisha anwani ya kutokea kwa set_field. Majibu yakirudi, swichi inajuaje ni ya h1 au ya h2?
*Fundi wa mitandao, Gulu*

Kwa set_field peke yake haijui, na haiwezi kujua. Njia hiyo inafaa pale anwani moja ya ndani inapolingana na moja ya nje. Mashine mbili zikitumia anwani moja, lazima poti pia zibadilishwe na pawe na daftari la nani kapewa poti ipi. Tena ni ile kumbukumbu ya ct, safari hii pamoja na nat, yaani ubadilishaji wa anwani.

Tuseme h1 na h2 ziko ndani kwenye tundu 1 na 2, h3 iko nje kwenye tundu 3 na anwani 203.0.113.2/24. (Namba za 203.0.113.0/24 zimetengwa kwa mifano, hivyo hutagusana na mtu wa kweli.) Swichi itajifanya lango: kwa ndani 10.0.0.254 yenye MAC inayoishia aa, kwa nje 203.0.113.1 inayoishia bb. Lango hilo halipo kama mashine, kwa hiyo hakuna wa kujibu ARP. Waambie wenyewe:

`h1 ip route add default via 10.0.0.254`
`h1 arp -s 10.0.0.254 00:00:00:00:00:aa`
`h3 ip addr flush dev h3-eth0`
`h3 ip addr add 203.0.113.2/24 dev h3-eth0`
`h3 arp -s 203.0.113.1 00:00:00:00:00:bb`

Rudia mistari miwili ya kwanza kwa h2. Kisha kanuni:

`table=0,priority=200,arp,actions=NORMAL`
`table=0,priority=100,ip,in_port=1,nw_dst=203.0.113.0/24,actions=ct(table=1,zone=1,nat)`
`table=0,priority=100,ip,in_port=3,nw_dst=203.0.113.1,actions=ct(table=1,zone=1,nat)`
`table=1,priority=100,tcp,in_port=1,ct_state=+trk+new,actions=ct(commit,zone=1,nat(src=203.0.113.1:50000-50999)),mod_dl_src:00:00:00:00:00:bb,mod_dl_dst:00:00:00:00:00:03,dec_ttl,output:3`
`table=1,priority=100,ip,in_port=1,ct_state=+trk+est,actions=mod_dl_src:00:00:00:00:00:bb,mod_dl_dst:00:00:00:00:00:03,dec_ttl,output:3`
`table=1,priority=100,ip,in_port=3,ct_state=+trk+est,nw_dst=10.0.0.1,actions=mod_dl_src:00:00:00:00:00:aa,mod_dl_dst:00:00:00:00:00:01,dec_ttl,output:1`
`table=1,priority=0,actions=drop`

Zile zenye in_port=1 ziandike tena kwa in_port=2, na ya kurudi iandike tena kwa 10.0.0.2, MAC inayoishia 02 na output:2.

Jibu la swali lako limo kwenye mstari wa tatu na wa sita. Pakiti ya kurudi inaingia ikiwa imeelekezwa 203.0.113.1. Neno nat lisilo na anwani linaiambia swichi: fungua daftari, rudisha kilichobadilishwa. Inapofika jedwali 1 anwani inakoelekea imeshakuwa 10.0.0.1 au 10.0.0.2. Ndiyo maana kanuni ya sita inatazama anwani ya *ndani*. Anayeandika nw_dst=203.0.113.1 hapo hataiona pakiti hata moja.

Kosa jingine ni kusahau MAC. Ukibadilisha anwani ya IP ukaiacha MAC ya lango, pakiti inafika kwa h3 na kadi yake inaitupa kwa sababu haikuandikiwa yeye. Ukisikiliza kwa tcpdump utaiona imefika, maana tcpdump hufungua kadi ipokee kila kitu, nawe utahangaika siku nzima ukidhani h3 ndiyo mbovu.

Ping haitapita kwa kanuni hizi kwa kuwa kanuni ya kuanzisha ni ya tcp tu, ilhali ping hubebwa na ICMP, ambayo haina poti. Iongezee kanuni yake ya icmp yenye `nat(src=203.0.113.1)` bila masafa ya poti. Na masafa 50000-50999 ni poti 1,000, maana yake ni miunganisho 1,000 kwa wakati mmoja kuelekea seva na poti ile ile. Kwa maabara ni nyingi, kwa bweni zima ni chache.

Kidhibiti changu ndicho kinachopanga NAT: kila pakiti ya kwanza inapanda kwake, naye anashusha kanuni mbili zenye idle_timeout=10, yaani zifutike zikikaa sekunde 10 bila kutumika. Vipindi vya SSH vinakatika nikinyamaza kidogo. Tena jana kidhibiti kilizima na ukuta ukapitisha kila kitu!
*Msomaji, Jinja*

Haya ni mambo mawili, na la pili ndilo la hatari. Ukiunda daraja la Open vSwitch (yaani swichi pepe, mfano br0) kwa mkono, desturi yake ni kwamba kidhibiti kikipotea linageuka swichi ya kawaida inayopitisha yote. Mininet huibadilisha tabia hiyo yenyewe, kwa hiyo kilichokuwa salama kwenye laptopu kinakuwa wazi kwenye seva. Andika leo hii:

`sudo ovs-vsctl set-fail-mode br0 secure`

Kuhusu SSH, sekunde 10 ni kidogo mno. RFC 5382, moja ya nyaraka za viwango vya intaneti, inataka NAT isisahau muunganisho wa TCP ulio hai kabla ya saa 2 na dakika 4, na RFC 4787 inataka UDP ipewe si chini ya dakika 2. Kibaya zaidi, kanuni zako mbili zinahesabu muda kila moja kivyake. Ukituma faili kwa UDP isiyojibiwa, ya kurudi inakufa na ya kwenda inaishi. Weka alama ya OFPFF_SEND_FLOW_REM kwenye zote mbili, na moja ikifa kidhibiti kiiondoe mwenzake ndipo kiirudishe poti kwenye akiba. Pia shusha kanuni ya kurudi kwanza, subiri jibu la barrier (uthibitisho kwamba swichi imemaliza kuiweka), halafu ndipo uiachie pakiti ya kwanza. Ukifanya kinyume, jibu la seva ya karibu linaweza kuiwahi kanuni.

Ushauri wetu ni kuiachia ct kazi hii na kidhibiti kibaki na sera tu.

Nimepewa seva ya chuo niitumie kwa mbali kupitia SSH. Nilipoandika ovs-vsctl add-port br0 eth0, muunganisho ulikatika na ilinibidi nisafiri hadi kwenye mashine. Nilikosea wapi?
*Mhitimu, Arua*

eth0 ndiyo iliyokuwa inabeba SSH yako. Kadi ikiingizwa kwenye daraja, pakiti zake zote huchukuliwa na swichi, na anwani ya IP iliyobaki juu ya eth0 haifikiwi tena. Kadi ya usimamizi iache nje ya majaribio, utumie eth1 na eth2. Kama huna budi kuigusa eth0, tega kwanza amri ya kujiokoa, ndipo uongeze tundu:

`sudo nohup sh -c "sleep 180; ovs-vsctl del-port br0 eth0" &`

Baada ya dakika 3 kadi inatoka kwenye daraja yenyewe na unaingia tena. Kama kila kitu kimekwenda sawa, iue amri hiyo kabla muda haujaisha.