Kabla hujamtuma mteja dukani kununua pampu

Mteja wa Lamu akikuita kwa shida ya maji, atakwambia neno moja: "Presha hakuna, fundi, nitafutie pampu." Usikimbilie dukani. Beba ndoo ya lita 10, futi, na simu ya kupimia dakika.

Mimi mwanzoni sikubeba. Ilikuwa nyumba ya mawe huko Mkomani, bafu la juu likidondosha matone. Nikafunga pampu ya wati 1,100, nikidhani kubwa haikosei. Juu maji yaliongezeka kidogo tu. Chini, kiungo kilichofukiwa ukutani kikaachia, lipu ya chokaa ikabambuka sebuleni kwa watu. Tulipofumua, bomba la chuma la nusu inchi lilikuwa limeziba kwa kutu, hata penseli haipiti.

Basi anza na ndoo. Ijaze kwenye mfereji ulio karibu na tangi, kisha kwenye wa mbali ulio kimo kilekile. Huku dakika moja, kule dakika nne? Bomba ndilo linalokula maji. Kutoka nusu inchi kwenda robo tatu hushusha upotevu wa presha hadi theluthi au chini yake, na huenda pampu isihitajike.

Bomba likiwa zima, piga hesabu. Mita 10 za kimo ni ba 1, kipimo cha presha. Tangi la darini lililo mita 2 juu ya shawa linatoa ba 0.2 tu: lingetosha kujaza birika la bafuni la zamani, la kuchota kwa kata, lakini kwa shawa ni kilio.

Tuseme tangi liko chini, na bafu liko mita 9 juu ya pampu. Hesabu mifereji itakayofunguliwa kwa pamoja, si yote iliyomo nyumbani: shawa mbili za lita 9, jikoni lita 7, jumla lita 25 kwa dakika. Kisha kimo mita 9, presha ya shawa ba 1.5, yaani mita 15, na upotevu wa mabomba na viungo mita 6. Unatafuta lita 25 kwenye mita 30.

Hapa kibao cha pampu huwalaghai wengi. Ile ndogo ya wati 370 huweza kuandikwa lita 40, mita 40. Hayo mawili hayaji pamoja! Mita 40 ni mifereji imefungwa. Lita 40 ni maji yakimwagika bila kupanda. Ukiidai lita 25, inabaki na mita 15 hivi. Soma mchoro wa lita na mita ulio kwenye katoni, penye lita zako.

Tangi likiwa darini, mimi hufunga pampu ndogo ya ghorofa ya juu peke yake. Umeme ukikatika, chini hakuna anayekosa maji ya udhu. Na usiifunge moja kwa moja kwenye laini ya mji, utamnyonya jirani.

Mwisho, onja maji. Visima vingi vya mjini vina chumvi, na pampu ya chuma ikilala miezi mitatu mwenye nyumba akiwa Ulaya, impela, ile feni ya ndani inayosukuma maji, hukwama. Ikiwashwa inaunguruma bila kuzunguka. Izimwe upesi kabla koili haijaungua, umeme ukatwe, shafti izungushwe kwa bisibisi upande wa feni. Siku ya kufunga mimi humwonyesha mwangalizi wa nyumba, na bisibisi namwachia.